Hondohondo Uliyemchora kwa Rangi ya Mashua

Baba Shee,

Salamu zangu zikufikie huko ulikotangulia. Mimi sijambo, ila magoti. Nimo ndani nakaa eda yako, na dada zako waniletea chakula. Mchuzi wao hauna chumvi hata leo.

Nakuandikia kwa sababu ya ule ubao uliouchora. Ulitumwa bara kukata miti ya mataruma, zile mbavu za mashua, ukarudi na hadithi ya ndege, ukaimaliza rangi ya mashua ya watu kwa kumchora. Nalikukaripia mpaka jirani wakachoka. Wewe wasema tu, "Mama Shee, nyamaza kwanza, kisha tazama." Sikunyamaza.

Sasa natazama, maana eda haina safari. Wallahi umeuweza ule msitu! Mkuyu umeinama vile vile, mikoche nyuma yake, na vumbi la kiangazi juu ya majani. Sikujua rangi ya mashua yaweza kuwa vumbi. Hondohondo mwenyewe mdomo kama mundu, ameshika tunda. Nalidhani anakula. Juzi ndipo nikauona ufa kwenye shina, na ncha ya mdomo mwingine imechungulia. Kumbe mke yumo ndani! Amejiziba kwa udongo alalie mayai, na mume ndiye amlishaye. Ulinieleza siku ile, nami nikakwambia nina samaki wa kupaa magamba.

Mwanao Shee kaja na brashi. Asema malaika hawaingii penye sura ya kiumbe, basi amfute ndege kichwa. Nikamwambia, "We Shee! Ukimfuta huyu, yule wa ndani atalishwa na nani?" Kacheka, brashi hakuiweka chini. Mimi sibishani na dini. Nimeutoa ubao chumba cha kuswalia, nimeupigilia jikoni mwenyewe, mbali na moshi. Shee kanishikia misumari, amenuna.

Sasa nikiingia jikoni kuutia chumvi mchuzi wa dada zako, namwona. Miaka yote nalijiona mimi ndimi niilishaye nyumba hii, kumbe kitoweo chafika mlangoni kila siku kwa mkono wako, wala wewe hukudai shukurani. Basi pokea leo: ahsante, mume wangu. Ahsante sana.

Mola akupe kivuli na nafasi. Nami nakuahidi, eda ikiisha Shee atanivusha bara, nikawaone hondohondo wenyewe. Nataka kujua kama ule mkia umeukosea. Mimi naona umeukosea.

Mkeo,
Mwanaesha