Mjukuu Mwenye Jina Lako

Mama Njeru,

Juzi nilisahau kwamba umekufa.

Ciarunji, mjukuu aliyerithi jina lako, yuko hapa Meru na baba yake, Njeru wetu, wamekuja kunitembelea kutoka Siakago. Aliporudi kutoka sokoni na mfuko wa ndengu, nikamuuliza, "Mke wangu, mbona umechelewa hivyo?"

Wakacheka. Tangu azaliwe namwita mke wangu, kama babu yeyote wa kwetu, naye hujibu kwa maringo. "Bwana wangu, Gakoromone kumejaa watu, na wewe uko hapa tu, umekunja miguu!"

Njeru akapiga meza. "Baba, huyu bibi yako atakumaliza!"

Nami nikacheka. Lakini nilikuwa nimekuona wewe. Nilikuwa nimekungoja tangu asubuhi. Kaburi lako liliponirudia akilini, nilikuzika upya, peke yangu, katikati ya vicheko.

Jana nilikwenda kwa daktari bila kumwambia mtu. "Mzee, mishipa midogo ya damu kichwani ina ukuta unaochuja," akasema. "Sukari inapita, sumu inazuiwa. Tukizeeka, ukuta unalegea." Unanijua, nikaenda kusoma. Seli za ukuta huo zimebanana sana, na umri huziachanisha. Vitu vya damu hupenya mahali visipotakiwa, ubongo ukaumia polepole. Wataalamu hawajakubaliana kama huko ndiko usahaulifu unakoanzia. Sikupata popote dawa ya kuuziba.

Sina hofu ya kufa. Nimeishi ugenini karibu umri wangu wote, na Kimbeere, lugha ya kwetu, huku nilikizungumza nawe tu, jikoni. "Wewe na vitabu vyako, chai imepoa," ulizoea kusema. Ukinitoka kichwani, kwetu kutakuwa wapi? Nitamuuliza nani?

Na hakuna atakayejua, Mama Njeru. Kila nikipotea watasema babu anamtania mke wake. Hadi siku nitakapomshika mtoto huyu mkono, nikamlaumu kwa kuniacha, nikakataa kumwachilia. Atalia. Nami sitaelewa kwa nini mke wangu ananiogopa.

Sitangoja ifike huko. Kesho, kabla hawajaondoka, nitawaketisha wote wawili niwaambie kwamba juzi sikuwa natania. Nakuahidi, nitasema hata sauti ikinikatika.

Pumzika, Ciarunji. Nikisahau tena kwamba ulikufa, usinikasirikie. Nitakuwa nakungoja.

Baba Njeru