Robot Nne Mpaka Nyumbani

Kaka Bahati,

Mwalimu bora wa hesabu Johannesburg nzima ni mimi, na anayebisha aje nimpe sifuri. Wengine wana vyeti ukutani. Mimi niliishia darasa la tisa, nikakufundisha wewe kuhesabu, mtu wa miaka arobaini na moja ambaye shule zilimrudisha mlangoni eti kichwa kizito.

Darasa lipo bado, kila Jumamosi, ukumbi uleule wa kanisa hapa Bellevue. Wamebaki watano. Solange sasa anapanga sahani kwa idadi ya watu bila kukosea, halafu anaongeza yako. Nikimwambia aitoe, ananiambia mimi ndiye sijui hesabu.

Wewe hukutaka mambo ya sahani. Ulitaka kurudi nyumbani peke yako, mama yako asikushike mkono barabarani. "Mimi mzee, nina ndevu!" Basi nikatunga njia, akili yangu mwenyewe: ukitoka ukumbini nyoosha moja kwa moja, kila ukipita robot, yaani taa za kuongozea magari, kunja kidole. Vikikunjwa vinne, kata kushoto, geti la bluu. Wiki sita tulitembea pamoja. Nilikucheka unavyokunja vidole kama mtu anayekamua mbuzi, ukanifokea, "Kelele, mwalimu, utanipoteza!" Siku uliyofika peke yako, mama yako alipiga vigelegele hadi wapangaji wote wakatoka vyumbani. Nikatembea kifua mbele mwezi mzima.

Halafu Jumamosi ile. Eish, kaka. Ulipita robot mbili zinawaka, kisha umeme ukakatika, na zote za mbele zikazimika. Ulifika kwenye kona yako na vidole viwili tu, ukapita. Mlinzi mmoja, Mkongo mwenzetu, alikuona mbali kabisa, karibu na Jeppestown, akakuuliza unakwenda wapi. Ukamwonyesha mkono. "Nyumbani. Bado mbili." Akadhani unamtania. Gari lilikugonga mbele kidogo, kwenye njia panda isiyo na taa.

Mama yako anaulaumu umeme. Kanisa zima linaulaumu umeme. Mimi nimekuwa naitikia kwa kichwa, mimi mwenye mdomo wote huu.

Lala, kaka yangu. Naahidi kesho, baada ya ibada, nitakaa na mama yako nimwambie ambalo sijamwambia mtu. Kwamba wiki ya nne tulipita robot iliyozimika, ukasimama, kidole kimekunjwa nusu, ukaniuliza, "Na hii iliyolala?" Nilikuwa nakimbilia mpira kwenye televisheni. Nikakuvuta mkono nikasema, "Achana nayo, hiyo usihesabu."

Hukukosea popote, kaka. Uliniuliza, na mimi nikakujibu hivyo.