Kuipa Bendi Mgongo

Jumamosi usiku

Nina hasira, hata chai imenishinda.

Leo hakukuwa na kazi mjengoni, kwa hivyo msimamizi alitupeleka uwanjani kulinda tamasha. Akanipa jaketi na kunisimamisha kwenye uzio. "Wewe tazama watu. Ukigeukia jukwaa, Jumatatu usije."

Sikujua ni bendi ya kwetu Kakamega. Ngoma za isukuti zilipoanza, zilinigonga mgongoni zikapita mpaka kifuani. Tangu nije Nakuru nimezisikia kwa simu tu.

Mbele yangu nikamwona Mama Ayuma, yule anayetuuzia githeri ya mahindi na maharagwe, ameshikana mkono na fundi Ambani. Hawa wawili hawajasalimiana tangu wagombane pale mjengoni. Leo walikuwa wanatikisa mabega pamoja, wamelowa jasho, wanacheka kama watoto.

"Kijana wa kwetu, geuka basi," Mama Ayuma akaniita.

"Niko kazini, mathe."

"Kazi gani? Kwa hizi ngoma hata maiti ingegeuka."

Watu wakanicheka. Nikakaza shingo. Mabega yalitaka kwenda, nikayakataza, na sasa yananiuma kuliko siku ya kubeba mawe. Watu wa kwetu wote walikuwa pale wakifurahi, na mimi nikawa kama mgeni wao.

Tulipomaliza, msimamizi alikuja kuniambia nimefanya kazi safi. Shati lake lilikuwa limelowa, anahema, na bado anapiga mluzi wa wimbo wa mwisho.

Kumbe muda wote alikuwa nyuma yangu akicheza.