Ng'ombe Niliowaondoa Katika Wimbo

Ijumaa, siku ya maandalio. Wingu zito limekaa juu ya vilima tangu asubuhi. Mvua hainyeshi na jua halitoki.

Nafsi yangu nayo imekaa vivyo hivyo.

Kuni za kesho nimekwisha kupasua, shati jeupe nimelifua, maharagwe yamo jikoni. Ijumaa nyingine, ifikapo saa kumi, huwa nimeketi na somo la Sabato magotini nikingoja jua litue. Leo nimeketi mara tatu na mara tatu nimeinuka, nikaenda hadi kwenye lango, nikarudi bila kujua nilichokifuata. Basi naandika, kwa kuwa mkono ukishughulika miguu hutulia kidogo.

Mnaousoma ukurasa huu mnanijua kwa nyimbo. Kwa muda sasa nimekuwa nikieleza hapa maana ya zile nilizotunga na kuimba kwa obokano, kinubi chetu cha nyuzi nane. Nimeeleza wimbo wa mchonga mawe wa Tabaka. Nimeeleza wimbo wa mjane na migomba yake. Wengi mmeuliza kwa nini sijaeleza ule wa Nyaboke mwenye chemchemi, ambao umetangulia zote kwa sifa, nami nilijibu kwamba zamu yake itafika.

Haikuwa kweli. Sikukusudia kuufikia.

Jumanne alikuja nyumbani Mwalimu Bosibori, anayefundisha kwaya ya wasichana katika shule moja karibu na Magwagwa. Kwaya yake imeuchagua wimbo huo kwa mashindano ya nyimbo za kienyeji. Wameufanyia mazoezi muhula mzima, wakaongeza njuga na hatua za miguu, na katika duru ya kwanza walishinda. Sasa waamuzi wa duru inayofuata wanataka karatasi yenye maana ya wimbo, nani aliutunga na kwa sababu gani. Alikuja na kalamu yake tayari. Aliniuliza Nyaboke alikuwa mtu wa aina gani katika hadithi za zamani.

Hadithi za zamani! Nyumba ya Nyaboke inaonekana kutoka mlangoni pangu, ng'ambo ya bonde, bati lake likiwa limeshika kutu upande mmoja. Nilimwambia Mwalimu anipe hadi Jumatatu. Alinishukuru akaenda zake, na tangu saa ile usingizi wangu umekuwa wa kukatikakatika.

Kwa wale wasioujua, wimbo wasema hivi: katika kiangazi kikali mwanamke mmoja aliwafungia watu chemchemi yake kwa miiba, wenye kiu walirudi na vibuyu vitupu, na aifungaye chemchemi, siku moja chemchemi itajifunga juu yake. Umeimbwa harusini ili bibi arusi awe mkarimu. Umeimbwa na akina mama wa kanisa letu siku za kutoa sadaka. Mhubiri mmoja aliujengea hubiri zima, nami nikiwa nimeketi mbele pamoja na wazee wa kanisa, nikitikisa kichwa kwa unyenyekevu.

Kwetu mpiga obokano hamwimbi mtu kwa mbali. Humtaja jina, akamtaja baba yake, akakitaja na kilima anakoishi, ili msikilizaji asije akadhani ni mwingine. Ukisifiwa, umesifiwa wewe na mlango wa baba yako. Ukikosolewa, huna pa kujificha. Nami niliimba: Nyaboke, binti Mokua, wa kilima cha ng'ambo.

Nilikuwa kijana asiyezidi miaka ishirini na miwili. Kiangazi kilikuwa kikali kweli, na mito midogo ilikuwa imebaki tope. Chemchemi ya Nyaboke pekee ndiyo iliyotoa maji safi kilimani pale. Nikawapeleka ng'ombe wa baba yangu wanywe humo humo, wasimame ndani kwa kwato zao na kuchafua mahali ambapo wanawake walichota maji ya kunywa. Nyaboke alinikuta. Alinikemea mbele ya wasichana waliokuja na mitungi, na maneno yake yalikuwa ya haki kila moja. Wasichana walicheka. Kesho yake aliizungushia chemchemi miiba, akaacha mwanya wa mtu kupita na mtungi wake. Kila mtu aliendelea kuchota.

Ng'ombe tu ndio waliozuiwa. Ng'ombe wangu.

Wiki iliyofuata niliitwa kupiga obokano kwenye harusi, nami nikautunga wimbo njiani. Sikuhitaji kusema uongo mwingi. Miiba ilikuwapo na kiangazi kilikuwapo. Niliwaondoa ng'ombe tu, na palipobaki pengo nikaweka watu wenye kiu.

Sijawahi kutunga kitu kilichopendwa upesi vile. Kabla ya mavuno uliimbwa hadi Keroka, na watu ambao hawajamwona Nyaboke walimjua kwa uchoyo. Wanawake wa kilima chake walikuwa na egesangio, yaani kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu. Zamu yake ikawa hairudi. Hakuna aliyemfukuza, ilikuwa tu kwamba siku ya shamba lake kila mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani. Miaka mingi nilimwona kutoka ng'ambo akipalilia wimbi peke yake, kiwiliwili kidogo katika shamba refu. Nikajizoeza kuzungukia sokoni nisipite njia yake.

Baadaye chemchemi ilikauka kweli. Sote tulikuwa tumepanda mikaratusi bondeni kwa ajili ya nguzo na kuni, mimi nikiwamo, na mti ule hunywa kuliko ng'ombe. Lakini watu walisema wimbo ulitabiri. Walianza kunitazama kana kwamba nilipewa neno. Sikukanusha. Hili naliandika kwa aibu kuliko yote: nililipenda.

Siku ya ubatizo wangu niliungama pombe, ugomvi na mengine ambayo hayafai ukurasani. Wimbo sikuungama. Ningeungamaje kitu ambacho kanisa lenyewe lilikiita funzo?

Leo asubuhi nilivuka bonde.

Nilimkuta ameketi mlangoni akipepeta maharagwe, mwili umenywea lakini macho bado makali. Nilibisha hodi nikamsalimu kama mtoto anavyomsalimu mama, maana ananizidi miaka kumi na zaidi. Alinitazama kwa muda. Kisha akachungulia nyuma yangu, njiani.

"Leo umekuja bila ng'ombe, mwana wa Onkundi?"

Alinionyesha kigoda nikaketi. Alisema nimezeeka vibaya, na kwamba alitarajia mtu anayeimba redioni awe na viatu vizuri zaidi. Kisha, kwa kuwa yeye ni Mkatoliki tangu utotoni, akaniuliza sisi watu wa Jumamosi huwa tunatubu siku gani, maana amengoja siku zote za juma na hakuona mtu.

Nikamwambia yote. Kwamba nilijua mwanya ulikuwapo. Kwamba nilijua kila mtu alichota. Kwamba ilikuwa hasira ya kijana aliyechekwa na wasichana. Nilimwomba anisamehe.

Aliendelea kupepeta hadi alipomaliza.

"Hayo unayoniambia, mimi nayajua," alisema. "Nilikuwepo. Umevuka bonde lote kumpelekea habari mtu pekee ambaye hakuihitaji."

Nikasema nitaacha kuuimba. Akasema hilo halimfai kitu. Wimbo una miguu yake, na wajukuu zake wameuimba shuleni wakiwa wadogo, wakarudi nyumbani kumwuliza Nyaboke yule mchoyo alikuwa nani. Aliwajibu kwamba hamjui.

"Uliniimba kwa jina langu na la baba yangu, mbele ya watu. Nisafishe vivyo hivyo. Usije hapa mlangoni kunong'ona. Ukimaliza kule, ndipo uje tuzungumze habari ya kusamehe."

Hakunifukuza. Alinipa uji wa wimbi, nikaunywa wote. Akaniuliza habari za miguu yangu. Nilipoaga aliniambia nipite njia ya juu, ile ya chini ina utelezi. Lakini neno nililolifuata hakunipa, na sikulalamika, kwa kuwa alikuwa na haki kama ile siku ya chemchemi.

Niliporudi nilipitia shuleni nikamweleza Mwalimu Bosibori. Aliweka mkono shavuni. Nilimhurumia. Wasichana walikuwa wakiimba katika chumba cha pili kutoka pale, na lazima niseme waliimba vizuri, waliimba kuliko nilivyowahi kuimba mimi.

"Mzee, wale watoto wameimba hadi koo zimekauka," alisema. "Waamuzi wanataka funzo tu. Na ukarimu si funzo baya."

Ni mwanamke mwema na hakunishauri ubaya. Alisema hata Nyaboke angeweza kubadilishwa jina, akawa mtu asiyekuwapo, na karatasi ikajazwa, na hakuna ambaye angeumia. Maneno hayo nimeyageuza na kuyageuza alasiri yote. Ndiyo yaliyonipeleka langoni mara tatu. Maana ni kweli kwamba ukarimu ni mwema, na ni kweli kwamba wapo waliofungua milango yao kwa sababu ya wimbo huu. Je, matunda hayo niyang'oe? Shamba zuri likistawi juu ya mpaka ulioibwa, mtu afanyeje?

Lakini yule aliyepalilia peke yake hakuwa mtu asiyekuwapo. Nikimbadilisha jina leo nitakuwa nimemwondoa kama nilivyowaondoa ng'ombe, na safari hii nikiwa na mvi na cheo cha mzee wa kanisa.

Nimempigia Mwalimu simu na kumwambia kwamba karatasi yake nitaiandika, ila itakuwa ya kweli. Nikamwahidi kwamba nitaongeza ubeti wa mwisho, wenye ng'ombe na mwanya wa miiba, na kwamba Jumatatu nitakwenda kuwafundisha wasichana mimi mwenyewe, kama atakubali. Akasema ataongea na mwalimu mkuu. Hakuahidi. Huenda wakachagua wimbo mwingine, huenda wakashindwa kwa sababu yangu, na hilo nalo nitalibeba.

Mchungaji nimemtumia ujumbe kuomba nafasi kesho kabla ya hubiri. Ameuliza kama ni wimbo maalumu. Nimemjibu kwamba ni ushuhuda. Naogopa. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyo: nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, lakini kesho nitasimama bila obokano.

Jua haliko mbali kutua, ingawa halionekani. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa hadharani, basi. Mliokuwa mkiuliza maana ya wimbo, hii hapa, na yeyote anayeuimba aichukue pamoja na wimbo wenyewe:

Nyaboke, binti Mokua, wa kilima cha ng'ambo, hakumnyima mtu maji. Aliyechafua chemchemi ni mimi.