Koti Ulilolivua Polepole

Mjomba Barnaba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikatulia na kalamu mkononi, nikingoja ile "Marahaba, karani, ofisi hazijambo?" yako. Haikuja. Basi nitaendelea bila hiyo.

Nyumbani hawajambo. Mikorosho yako sasa anaiangalia mama. Juzi alikwenda kupulizia salfa, akarudi mweupe nywele na nyusi, akajicheka mwenyewe, halafu akageuka kwenda kunawa. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwita dada yako bibi kizee kwa weupe ule. Mimi bado niko masijala. Bado nahakiki kila jalada mara mbili kabla ya kulirudisha mahali pake, na bosi akiniita kwa jina langu kamili viganja vinaloa jasho. Hilo halijabadilika.

Kilichobadilika ni kwamba jana nilimcheza Nandule wa mchezo wetu. Ndiyo, mimi Rehema, katika ukumbi wa kanisa hapa Masasi, watu wamejaa hadi madirishani. Nilichokuwa nakiogopa si kuchekwa. Niliogopa kwamba nikiharibu, watu watatoka pale wakiwa na aibu yangu kichwani, na Nandule wako atafutika.

Unakumbuka tulivyokuwa tukibishana juu ya mchezo ule, sinia la korosho katikati yetu? Tangu mwalimu mmoja wa zamani wa misheni alipoutunga, hakuna aliyebadilisha kisa. Mzee Nandule anakwenda kumposa mjane. Hana kitu, kwa hiyo kofia ameazima, miwani ameazima, fimbo, viatu na koti pia. Akishaketi tu mbele ya wakwe, wenye vitu wanaanza kuingia mmoja mmoja kudai chao. Mwisho anakuja mwenye koti, na chini ya koti kuna fulana iliyotoboka. Kila mchezaji anapimwa hapo tu, kwenye koti.

Nandule wa kwanza niliyemwona mimi ni Mwalimu Damasi wa Lukuledi. Nilikuwa mdogo, umenibeba mabegani. Mwili ule, sauti ile! Alilivua koti kwa hasira, akamtupia mwenyewe usoni: "Chukua! Lilikuwa linanibana!" Ukumbi mzima ukasimama. Nami kwa miaka mingi niliamini hakuna Nandule mwingine, mpaka siku uliyoniambia, "Damasi anachekesha kweli, lakini Nandule wake hatafuti mke. Anatafuta ugomvi."

Halafu Shaibu, yule kijana wa bodaboda wa Newala. Tulipanda mlima pamoja kwenda kumwona, wewe ukilalamikia magoti njia nzima. Yeye alikataa kulivua. Alikimbia nalo katikati ya watazamaji, mwenye koti nyuma yake, kina mama wanamchapa kwa ncha za kanga, hadi benchi moja likavunjika. Mimi nilinuna. Nilisema kisa kimepotea, kimebaki mbio. Ukanitazama kwa jicho lile la pembeni: "Wewe unamkagua kama jalada. Kijana anajua miguu ya Nandule. Mimi najua mikono yake tu."

Mikono yake tu! Mjomba, wewe ulipomcheza Nandule ulikuwa unafungua kifungo kimoja kimoja. Ulilipangusa begani, kana kwamba kuna vumbi. Ulilikunja, ukampa mwenyewe kwa mikono miwili na kusema, "Ahsante. Lilinikaa vizuri." Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na maandishi ya mchezo, kazi yangu kukukumbusha maneno, na kutoka pale nilisikia kicheko kikiisha benchi kwa benchi, kuanzia mbele. Halafu nilisikia watu wakipenga kamasi. Hukuwahi kuhitaji nikukumbushe neno.

Sasa nikueleze ya msibani kwako, maana hukuyaona.

Unajua watani walivyo. Wao ndio wenye ruhusa ya kucheka wakati sisi tunalia. Nilijua watakuja, lakini sikujiandaa kwa Bi Somoe. Jeneza linataka kutoka, yeye akatokea chumbani kwako amevaa koti la Nandule, lile la kijivu lenye kifungo kimoja cha rangi nyingine, limemfika magotini. Akaketi mlangoni, miguu ameinyoosha. "Hatoki mtu! Barnaba ana vitu vya watu huyu! Mnampeleka wapi hajarudisha?" Kisha akakuiga, Mjomba. Akakuiga ulivyokuwa unainua shingo unapowaamkia wakwe, ulivyokohoa kabla ya kudanganya. Watu wakacheka hadi wakashikana. Mama, aliyekuwa hajala tangu ulipofariki, alicheka.

Mimi sikucheka. Nilisimama pale na elimu yangu yote nikiwaza, huu ni utovu wa heshima, kwa nini mchungaji hasemi kitu. Mchungaji alikuwa anafuta macho.

Halafu Bi Somoe akaanza kulivua. Polepole, kifungo kimoja kimoja, kama wewe. Akalipangusa begani. Kicheko kikaisha vilevile. Nikangoja ampe mama. Akaja kwangu, akanivisha, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Shika, karani. La kuazima hilo." Ndipo akawapisha wabebaji, ukatoka.

Kwa hiyo kikundi chetu cha maigizo kilipokaa kuchagua Nandule mpya, wote walinitazama. Eti ninayajua maneno yote, eti koti liko kwangu. Nikawaambia mimi ni mwanamke. Wakasema Bi Somoe naye ni nani? Shaibu mwenyewe alishuka kutoka Newala ili amcheze mwenye koti. Nilikosa pa kuchomokea.

Nikafanya ninavyofanya kila ninapoogopa, nikanakili. Nilijifunza vifungo vyako mbele ya kioo: cha juu, pumzi, cha pili, tazama chini. Nilitaka jana waseme, huyu hapa Barnaba.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Kofia ikachukuliwa, wakacheka. Miwani, viatu, fimbo. Akaingia Shaibu. Nikainua mkono kwenye kifungo cha juu na mkono ukakataa. Ulikuwa unatetemeka, Mjomba, kifungo nakiona lakini vidole havikishiki. Nikajaribu cha pili. Watu wakaanza kucheka. Nikajua ndiyo hivyo, nimekuharibu. Wale wakwe walioketi nyuma yangu, nilihisi haya ya kweli mbele yao, kama nimekuja kuposa kweli na nimeumbuliwa kweli. Maneno yakapotea, na nyuma ya pazia sasa hayupo wa kunikumbusha.

Kisha mbele pale, sauti ninayoijua: "Mwacheni! Hamwoni mzee wa watu anaogopa?"

Bi Somoe alisema mzee. Hakusema karani. Wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka, kilikuwa upande wangu. Ndipo nikaelewa jambo ambalo hakuna kati yenu aliyelicheza: Nandule anaogopa. Tangu anavaa lile koti asubuhi anajua litadaiwa, na bado amekwenda. Sikuizuia tena mikono. Niliiacha itetemeke. Nikamtazama Shaibu na kumwambia, maneno yasiyo kwenye mchezo, "Nisaidie, baba. Vifungo vyako vigumu."

Kijana wa mbio yule, alisimama tuli. Halafu akapiga magoti mbele yangu na kunifungulia, kimoja kimoja, hadi kile cha rangi nyingine. Nikabaki na fulana iliyotoboka. Nilipomkabidhi, nilikuwa nimesahau kulipangusa. Shaibu akalipangusa yeye. Nikasema, "Ahsante. Lilinikaa vizuri," na hilo lilikuwa lako, sikuweza kuliacha.

Sijui kama nilikuwa Nandule mzuri. Wengine walipotoka nje walisema Damasi ndiye Damasi. Mzee mmoja alisema Barnaba hana mfano, nikafurahi hadi nikataka kumkumbatia. Kwa hiyo hukufutika. Hata kidogo. Mama yeye alisema, "Mikono ile ya kutetemeka ni ya kwako, hiyo hukumwiga mtu," akanishika mkono hadi nyumbani.

Leo asubuhi nimelianika koti uani, na sasa nimelitundika nyuma ya mlango wa chumba changu. Sidhani kesho ofisini nitaacha kuhakiki mara mbili. Bosi akiniita, nitatokwa jasho. Lakini nitakwenda nikaitike.

Lala salama, Mjomba wangu. Nakuahidi hili: nitaliweka mbali na panya na unyevu, na kifungo kile sitakibadilisha. Siku atakapokuja mwenye zamu, awe nani, nitalifungua polepole, nitalipangusa begani, nitampa kwa mikono miwili. Itetemeke isitetemeke.

Mpwa wako,
Rehema