Muuza Kompyuta Aonje Kwanza

Mwalimu Spesioza,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo, nikainua kalamu, nikakaa kama mjinga nikisubiri uitikie. Basi marahaba yangu niwekee. Nitaidai siku yake.

Tangu tulipokuzika kule Ntobeye, katika shamba la wale waliokupokea ulipovuka mto kutoka Burundi, mambo yamebadilika kidogo. Mvua imeangusha ukuta wa jiko la chuo. Mkuu wa chuo amenunua miwani mipya. Na kompyuta ulizozisubiri muda wote ule zilikuja, Mwalimu. Zilikuja, na nusu yake nikazirudisha. Kesho naitwa Biharamulo kujieleza mbele ya bodi ya chuo. Watu wanasema nitafukuzwa. Kabla sijajieleza kwao, nimeona nijieleze kwako.

Unakumbuka tulivyokaa kwenye ngazi ya stoo, mimi karani na karatasi yangu ya kuagizia, wewe na muhogo wa kuchoma? Nilikuwa nimeandika "kompyuta kumi na mbili", nikadhani kazi imekwisha. Ukaisoma ukacheka mpaka ukapaliwa. "Unaagiza maharage? Niambie kwanza nani atakaa mbele yake!" Ukanieleza bila haraka. Wanaojifunza uchapaji wanahitaji kibodi isiyokwama. Kioo kidogo kinawatosha, maana barua ni nyeusi juu ya nyeupe. Lakini darasa lako la michoro, wale watakaoishi kwa kuchora mabango na vitabu vya watoto, bora wapate mashine chache zenye vioo vipana, visivyopepesa, vyenye rangi za kweli, na kumbukumbu kubwa, kwa sababu picha ni nzito kuliko barua. Nikakuambia naogopa kumwomba Mkuu mashine chache wakati anataka nyingi. Ukanitazama. "Wewe Editha, hata kivuli chako unakiomba ruhusa kupita."

Nilicheka. Iliniuma, lakini nilicheka.

Ndipo ukanihadithia bango la kuwaonya watu juu ya kuhara damu. Ulilichora kwenye kompyuta ya kuazima, kule kambini kwa wakimbizi, yenye kioo kilichochoka. Damu uliyochora ilionekana kama kutu, ukaongeza wekundu, ukaongeza tena. Bango liliporudi kutoka kuchapwa, damu ilikuwa inang'aa kama kilemba chako chekundu. Mama mmoja akalitazama vizuri, akasema, "Ya mwanangu si hivi," akarudi na mtoto hemani badala ya kumpeleka zahanati. Mtoto alipona, lakini kwa shida kubwa. Ukazunguka kambi nzima ukiyabandua mabango kwa mikono yako, na hukumruhusu mtu akusaidie. "Kioo kimeninyima macho yangu mwenyewe," ulisema.

Halafu ukanifundisha ile kanuni yako. Ulisema huku kwetu, ng'ambo zote mbili za mto, anayekukaribisha pombe ya ndizi hupiga funda la kwanza mbele yako, ndipo akupe wewe. Hiyo si adabu tu. Anakuambia kwamba kama ina sumu, itaanza na yeye. "Basi na muuza kompyuta aonje kwanza. Akae, achore, tumtazame."

Nilidhani ni utani. Wiki tatu baadaye malaria ikakuchukua, nikawa sina wa kumwuliza.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Lori lilifika kutoka Mwanza, na muuzaji ndani yake, mtu mnene mwenye maneno matamu. Kompyuta zilikuwa zimefutwa mpaka zinameremeta. Tukayaingiza maboksi darasani, nikayafungua moja moja mbele ya wanafunzi. Vioo vyote vilikuwa vidogo. Hata vya darasa la michoro, ambavyo tuliviagiza vipana. Nikalisema hilo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri. Muuzaji akacheka. "Dada'angu, kompyuta ni kompyuta! Hizi zimefanya kazi Ulaya, zije zishindwe Ngara?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mwalimu, kwa woga. Mkuu akaniambia, "Editha, pokea mzigo, mgeni asije akakamatwa na mvua njiani." Nikashika kalamu. Nilikuwa napokea.

Ndipo Mkuu akamwambia yule mtu, kwa sauti ya chini, kama vile mimi ni kiti: "Zinatosha. Ni za wakimbizi na watoto wa wakulima. Watajua nini kuhusu rangi?"

Wewe ulikuwa mkimbizi. Mimi ni mtoto wa mkulima. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba majani ya mgomba yana kijani zaidi ya kimoja.

Nikaweka kalamu chini. Nikaenda stoo, nikatoa kile kilemba chako chekundu, alichonipa shangazi yako siku ya kuanua matanga. Sikuwahi kukivaa. Nikakifunga kichwani vibaya vibaya, nikarudi. "Mzee wangu," nikamwambia muuzaji, "kwetu mwenye mtungi huonja kwanza. Kaa hapo. Nitengenezee wekundu wa kilemba hiki."

Halafu nyuma kabisa, Jonasi, yule kijana wako mwenye makelele, akapaza sauti: "Onja, mjomba! Onja!" Darasa zima likaitikia. Mtu wa huku akiambiwa aonje mbele ya watu hana pa kukimbilia. Akikataa, amekwisha kujishtaki. Na yeye, ingawa ametoka Mwanza, aliijua desturi hiyo. Akakaa.

Akachanganya rangi, akachanganya tena. Nikakivua kilemba, nikakiweka ubavuni mwa kioo. Wekundu wa kwenye kioo ulikuwa rangi ya tofali. Akasema jua linaingia, tukafunga dirisha. Akasema waya umelegea, tukakaza waya. Kioo kinapepesa, naye anapikicha macho, machozi yanamtoka kama anayekata vitunguu. Jonasi akamwuliza, kwa heshima zote, "Shikamoo mjomba. Hiyo ni damu au ni chai?"

Hapo nilitamani uwepo. Ungekaa chini kwa kucheka.

Tukajaribu kibodi zote. Zilikuwa nzuri, kwa hiyo mashine za darasa la uchapaji nikazipokea. Sikutaka kumwonea mtu. Za michoro nikamwambia azipakie kwenye lori. Mkuu akaja karibu sana. "Utajibu wewe." Nikasema, "Nitajibu mwenyewe, Mkuu." Sauti yangu ilikuwa ya mwanambuzi. Lakini kalamu nilikuwa nimekwisha kuifunga.

Sitakuficha kilichofuata. Mkuu hanisalimii tena. Chumba chako kiko kitupu, wanafunzi wanachora kwa penseli. Wengine wamenilaumu. Msichana mmoja wa kambini, yule anayechora ndege, aliniambia waziwazi, "Dada, afadhali kibovu kuliko hewa. Sisi hatujui kama mwakani tutakuwa hapa." Huenda atarudishwa kwao kabla hajagusa kioo chochote, na itakuwa mimi niliyemnyima. Ninalo lile bango tu. Nakala moja uliyokuja nayo ilibaki stoo, nyuma ya kabati. Nimeikunja vizuri, nakwenda nayo.

Bodi wakiniuliza kwa nini nimerudisha mali ya chuo, nitalitandaza mezani. Nitawaambia kuna mama aliyelitazama akarudi hemani. Nitawaambia wakimbizi na watoto wa wakulima ndio wanaojua zaidi, maana rangi ikikosewa, wanaougua ni watoto wao. Wakinifukuza, wanifukuze wakiwa wamekwisha kuliona.

Basi linaondoka alfajiri. Kilemba nimekifua, na safari hii Mama amenifundisha kukifunga.

Ninakuahidi jambo moja. Vioo vile vipana vikija, mimi nikiwa bado karani au nikiwa mtu wa kupita tu nje ya uzio, hakuna mwanafunzi atakayekaa mbele ya kioo kabla yangu. Nitakaa mimi, nichore damu, nikiweke kilemba chako ubavuni, nitazame mpaka macho yangu yakubali. Nilikuwa nadhani kanuni yako ni ya kumbana muuzaji. Kumbe ni ya kila anayempa mwenzake kitu. Na mtungi sasa umebaki mikononi mwangu.

Ulikuwa ukiniambia kwa lugha yenu, "Ntutinye, Editha," yaani nisiogope. Hilo limenishinda, Mwalimu. Bado naogopa. Nakwenda hivyo hivyo.

Pumzika vizuri.

Karani wako,
Editha