Uliniachia Ng'ombe na Sukari

Baba, wewe uliyelala nyuma ya nyumba, pale viazi vinapoishia,

Nakuandikia nikiwa Karagita, katika chumba chetu cha kupanga, mlango wazi na gamubuti zangu nimezianika nje. Leo ni siku yangu ya kupumzika. Mume wangu Philemon ameenda kwa kazi ya mjengo, na mimi nimebaki na jambo moja ambalo nimelibeba kichwani wiki hizi zote. Kampuni ya maua imesema mfanyakazi wa umri wangu anayetaka kustaafu mapema aseme kabla mwezi haujaisha, apewe kitu cha kumshika mkono aende kwao. Nataka kuenda. Pia nilikuwa naogopa, na kwa sababu hofu yenyewe ilitoka kwako, nimeona bora wewe ndiye nikueleze.

Uliniachia vitu viwili, baba. Kimoja ulikitaja kwa mdomo wako pale kitandani hospitalini, kaka yangu Kibet akisikia: "Yule ng'ombe wa kwa Koros ni wa Chebet." Kibet alishangaa, maana kwetu msichana haachiwi ng'ombe, lakini hakubishana nawe. Cha pili hukukitaja. Nilikuja kuambiwa na sista wa kliniki ya kampuni mwaka jana, baada ya kunidunga kidole. Ni sukari, ile ile yako. Nilikaa kwa benchi nikacheka peke yangu, sista akadhani nimechanganyikiwa.

Wewe pia ulistaafu mapema, ingawa hakuna mtu aliyeiita hivyo. Mgongo ulikushinda ukaacha kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano ya Mau Narok, ukarudi Keringet na pesa za kuachia kazi. Majirani walingoja kuona ukifungua duka. Wewe ukanunua ng'ombe, na hata hao hukuwaweka kwako. Mmoja ulimpeleka kwa rafiki yako wa Molo, mwingine kwa yule wa Olenguruone, na yule mwekundu mwenye baka jeupe usoni ukampeleka kwa Mzee Koros, ng'ambo ya mto. Mimi niliona unagawa mali ovyo. Ukanieleza huku unanoa panga kwamba anayemtunza ng'ombe anakunywa maziwa, ndama wanabaki wa mwenyewe, na ugonjwa ukiingia boma moja hauwezi kuwamaliza wote. "Hao ndio hospitali yangu," ukasema. "Nikiugua, naita mmoja."

Nilikuamini. Hata leo naona ulikuwa umepanga vizuri kuliko wengi ninaowajua.

Unakumbuka siku uliyonipeleka kwa Mzee Koros mara ya kwanza? Nilikuwa nimevaa sweta ya shule kwa sababu ndiyo pekee haikuwa na tundu. Tulikaribishwa, tukamiminiwa mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kutoka kwa kibuyu, yale ya kuacha alama nyeusi ya mkaa kwenye mdomo. Mkaongea juu ya mvua. Mkaongea juu ya barafu iliyochoma viazi vya watu, juu ya kijana wa Koros aliyekuwa anatafuta bibi, kisha mkarudi kwa mvua. Mimi nilikuwa nangoja tu mfike kwa ng'ombe wetu. Hamkufika. Wakati wa kuondoka ulipunguza mwendo pale karibu na boma, yule mwekundu akainua kichwa, na wewe ukaendelea na safari.

"Baba, mbona hujauliza ng'ombe?"

"Ameniona," ukasema.

Nilicheka mpaka mtoni. Ndipo ukaniambia kwamba mtu mwenye adabu hafiki kwa rafiki akaanza kuuliza mali, anauliza watu. Nikakuuliza, na akimaliza kuuliza watu? Wewe ukashughulika na mawe ya kuvukia, ukanishika mkono, ukajifanya hukusikia. Ulikuwa na masikio mazuri sana wakati huo.

Nashangaa jinsi swali la mtoto lilivyokufuata baadaye. Mwaka ule nilipopata likizo nikaja nyumbani, nilikukuta umefunga mguu kwa kipande cha shuka. "Ni mwiba tu," ukasema. Nikakufungua nikaona kidonda kikubwa, si mwiba. Nikakuomba twende hospitali kubwa Nakuru siku hiyo hiyo. Ukasema hospitali haiendwi mikono mitupu, kwanza utaita ng'ombe wa Koros, ndiye wa karibu. Wale wengine walikuwa wameshaenda kwa karo yangu na ya Kibet. Asubuhi ukachukua fimbo, ukakataa nikusindikize, ukavuka mto na mguu ule.

Ulirudi jioni bila ng'ombe. Nilikuwa nimekuwekea maji ya moto na chumvi. Ukakaa, ukaingiza mguu kwenye beseni. "Nilikuta mtoto," ukasema. Mke wa kijana wa Koros alikuwa amejifungua, na wewe hukuweza kumtoa ng'ombe wa maziwa kwa nyumba yenye mtoto mchanga. Ukasema tungoje kidogo, mtoto akomae. Nilikukasirikia, baba, lakini sikukuambia kitu kwa sababu nilikuwa nakuheshimu, na moyoni hata nilikuona mtu mzuri sana. Tulipokupeleka hatimaye, kwa pesa za michango ya kanisa na ya majirani, daktari alikata mguu lakini damu ilikuwa imeshaharibika.

Kwa mazishi yako Mzee Koros alilia kama mtu aliyeibiwa. "Alikaa kwangu akanywa chai," alikuwa akimwambia kila mtu. "Akaniuliza habari za mvua!"

Ng'ombe wangu nilimwacha huko huko. Kila Desemba nilienda, nikanywa mursik, nikauliza watu. Sikuwa na haja naye, maana nilikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na kadi ya matibabu. Kadi hiyo ndiyo imenilipia vipimo, vidonge, na miwani ya Philemon. Hata ukiwa na homa tu unaenda kliniki unaonyesha kadi, unapewa dawa, unarudi kazini.

Shida ni kwamba hiyo kazi yenyewe sasa inakula miguu yangu. Mimi hupanga maua kwenye chumba cha baridi, nasimama kwenye saruji kutwa nzima na gamubuti, na kuna siku vidole vya miguu sivisikii kabisa. Sista alivigusa na kitu kama unywele wa ufagio, akaniambia nifumbe macho niseme anagusa wapi. Nilikuwa nabahatisha tu. "Mama, hii miguu si ya kusimama kwa baridi tena," akasema. Niliomba nihamishwe ofisini, nikaambiwa huko kunataka vijana wa kompyuta. Kwa hivyo unaona nilivyobanwa. Nikikaa, nina kadi lakini mguu unaenda. Nikitoka, mguu unapata nafasi ya kupona lakini kadi inabaki getini.

Mwanzoni sikuiona hivyo, nilikuwa nimeshajipangia. Tuna kipande chetu karibu na kwako, mimi na Philemon, na watoto wameshajitegemea. Nikamwambia nitachukua pesa za kuachia kazi, tununue ng'ombe wazuri wa maziwa, tupande viazi, tuishi.

"Na ukiugua, Mama Chela?" akaniuliza, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza. Alikuwa anakoroga ugali, mimi nimeinua miguu juu ya ndoo.

"Nikiugua, nauza mmoja."

Aliendelea kukoroga. Lakini mimi mwenyewe nilisikia sauti yako ikitoka kwa mdomo wangu, na nikaona fimbo yako, na mguu wako ndani ya beseni. Siku hiyo sahani yangu niliirudisha ikiwa imejaa. Philemon alidhani ni sukari imepanda.

Ndipo nikaanza kuuliza watu wanaojua. Bima ya serikali ipo, lakini mtu asiye na mwajiri wa kumkata kidogo kidogo anatakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja, akiwa mzima, kabla hajaihitaji. Hapo nikaelewa ulipokosea, na mtu yeyote wa kwetu angekosea vile vile. Ng'ombe wako walikuwa wazuri. Kosa lilikuwa kungoja ugonjwa ndio uende kuwaita, wakati ambapo hata kuomba maji ya kunywa unaona unasumbua watu.

Kwa hivyo Jumamosi iliyopita nilipanda gari hadi kwetu, nikavuka mto.

Mzee Koros sasa haoni vizuri. Alinijua kwa sauti, akasema, "Binti ya dereva," akasogeza kiti kwa mguu wake. Yule mke wa kijana wake, tunamwita Mama Faith, kwa jina la huyo mtoto uliyemkuta, alileta chai. Nikauliza watu, baba, niliuliza wote. Faith yuko chuo, anasomea ualimu. Tukaongea juu ya mvua. Nilipoambiwa niweke sukari, nikasema nakunywa bila.

"Wewe pia?" Mama Faith akauliza.

"Mimi pia."

"Lakini baba yako hakukataa," Mzee akasema. "Siku ile ya mwisho alikunywa vikombe viwili, vya sukari."

Vikombe viwili, baba. Na mguu ule! Niliangalia kikombe changu mpaka macho yakatulia. Kisha nikaona nikianza tena mambo ya mvua nitarudi nyumbani kama wewe. Nikaweka kikombe chini.

"Mzee, nimekuja kuita ng'ombe."

Nilijua nimevunja kitu, na nilikuwa natafuta maneno ya kuomba radhi.

"Nani mgonjwa?" akauliza.

"Ni mimi. Lakini bado natembea."

"Basi umekuja mapema," akasema, na nikaona bega lake limeshuka, kama mtu aliyetua mzigo. "Nimengoja mtu wa kwenu aulize. Mimi siwezi kukuletea, ningeonekana nimechoka na ng'ombe wa rafiki yangu."

Hapo nikasema yote. Nikawaambia kwamba siku ile ya vikombe viwili ulikuwa umekuja kuita ng'ombe, ukakuta mtoto, ukarudi. Mzee hakuwa anajua. Miaka hii yote hakuwa anajua kwamba ulikuja na haja. Mama Faith alikuwa anaosha kibuyu, akasimama na maji yakimwagika.

"Kwani alirudi kwa sababu yangu?" akasema. "Siku hizo tulikuwa tunakamua wanne. Maziwa mengine yalikuwa yanaenda kwa duka."

Mzee alijipangusa macho kwa kofia. "Angesema tu," alisema. "Neno moja. Ningemsindikiza mimi mwenyewe na ng'ombe na ndama."

Nililia, baba. Nilikulilia vizuri kuliko siku ya mazishi, maana siku ile nilikuwa nadhani ulimwachia mtoto maziwa yake. Kumbe hata hayo hayakuhitajika. Mama Faith alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi, akalia pia, na hakuna aliyemlaumu mwenzake. Bado naona ulikuwa mtu mzuri. Lakini nimekukasirikia tena, na safari hii nimekuambia.

Yule mwekundu alishakufa kwa uzee. Wamebaki mjukuu wake na mtamba ambaye hajazaa, ana baka kama la yule mwekundu. Tumekubaliana. Yule mkubwa Kibet atampeleka soko la Keringet, na pesa zake zitalipa bima ya mwaka, yangu na ya Philemon, kabla sijatoka getini. Katika pesa za kuachia kazi tumetenga za dawa kwanza, mbegu za viazi baadaye, na Philemon amesema nyumba ya mawe ingoje. Mtamba nimemwacha kwa Koros. Nilimwambia Mzee kwamba huyo ni wa bima ya mwaka ujao, na nitamwita mvua ya viazi ikiisha, niwe mgonjwa au nisiwe. Mzee akacheka, akasema sasa huyo ni ng'ombe mwenye adabu mpya. Nilipoondoka nilisimama pale bomani. Niliingia ndani kabisa, nikamshika mtamba shingo.

Kesho nitaenda ofisini kusema natoka. Sijui kama viazi vitakubali, na sijui sukari itanifikisha wapi. Naogopa bado, lakini nalala.

Sista amenifundisha kuangalia miguu kila asubuhi. Juu naangalia mwenyewe, na nyayo ananiangalilia Philemon, ananikalisha mlangoni penye mwanga na kuninung'unikia kwamba nina visigino vya mkulima hata kabla sijalima. Akiona kidonda, hata kiwe kidogo namna gani, sitamwambia ni mwiba tu. Nitavaa viatu twende. Na nikikuta mtoto njiani, baba, nitamsalimia, kisha nitasema kilichonileta.

Pumzika sasa. Mguu hauumi tena.

Ni mimi binti yako, niliyeita ng'ombe nikiwa bado natembea,

Chebet